Bishop Auckland, timu ya ridhaa iliyoipa United watu watatu

Msomaji wa Morogoro, shabiki wa Manchester United tangu enzi za kusikiliza mpira redioni, ananiuliza hivi: "Kijiweni kwetu kuna mzee anayeshikilia kwamba huko Uingereza kuna timu ya kijijini iliyowahi kuifunga Juventus ikachukua kombe la dunia la kwanza kabisa, na kwamba timu hiyohiyo ndiyo iliyoikopesha United wachezaji baada ya ajali ya Munich. Ni kweli au ni porojo? Na kama ni kweli, mbona siku hizi haisikiki hata kwenye Kombe la FA?"

Ndugu yangu, huyo mzee msimcheke. Alichokosea ni kimoja tu: amezifanya timu mbili kuwa moja. Zote mbili zinatoka pembe moja ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, County Durham, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa kilomita tano hivi. Iliyoifunga Juventus ni West Auckland, timu ya kijiji. Iliyoipa United wachezaji ni Bishop Auckland, timu ya mji mdogo wa jirani ulio kando ya mto Wear, wenye watu kama 25,000. Naanza na Bishop Auckland maana ndiyo yenye swali lako zito. Ya Juventus nitaimalizia.

Kwanza tupunguze chumvi kwenye hiyo ya Munich. Tarehe 6 Februari 1958 ndege iliyokuwa ikiirudisha United kutoka Belgrade ilianguka Munich ikijaribu kuruka kwenye theluji. Walifariki watu 23, wanane kati yao wachezaji. Kocha Matt Busby alilazwa akiwa mahututi. Msaidizi wake, Jimmy Murphy, hakuwamo ndani ya ndege kwa sababu alikuwa Cardiff na timu ya taifa ya Wales aliyokuwa akiifundisha, kwa hiyo mzigo wa kutafuta watu wa kucheza ukamwangukia yeye. Tarehe 19 Februari, siku kumi na tatu tu baadaye, United wakaingia uwanjani kucheza na Sheffield Wednesday kwenye Kombe la FA. Jarida la mechi siku hiyo lilichapwa na nafasi tupu upande wa United, mistari bila majina, kwa sababu hadi linakwenda mtamboni hakuna aliyejua nani atavaa jezi ipi. Walishinda 3-0.

Hapo ndipo wasimuliaji wanapopotea. Wanakuambia Bishop Auckland waliingia kikosini wakaibeba United hadi fainali ya Kombe la FA mwezi Mei. Haikuwa hivyo. Wachezaji watatu wa Bishop walikwenda Old Trafford, nao ni Bob Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley. Lakini tatizo walilokwenda kulitatua lilikuwa chini, kwenye timu ya akiba. Murphy alikuwa ameshawapandisha vijana wa akiba kwenda timu kubwa. Timu ya akiba nayo ilikuwa na ligi yake na ratiba yake, na kule nyuma walibaki watoto watupu. Walihitajika watu wazima wa kusimama katikati yao, wa kuwaambia nani amkabe nani na mpira upigwe wapi. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya Hardisty na Lewin.

Hardisty alikuwa ametimiza miaka 37 siku tano kabla ya ajali, na alikuwa ameshatundika daluga. Busby alimfahamu vizuri. Kwenye Olimpiki ya London ya mwaka 1948, Busby ndiye aliyeifundisha timu ya Uingereza iliyoshika nafasi ya nne, na Hardisty alikuwa kiungo wake. Kwa hiyo kama unatafuta ule uzi ulioiunganisha klabu kubwa ya Manchester na mji wa makaa ya mawe usiojulikana, uanzie hapo: watu wawili waliofahamiana miaka kumi nyuma kwenye kambi ya Olimpiki.

Aliyefika mbali ni Bradley. Huyu alikuwa winga mwenye kimo kifupi, mwalimu wa shule, aliyesoma Chuo Kikuu cha Durham na kuanza kuichezea Bishop. Alianza United kama mchezaji wa ridhaa, yaani asiyelipwa mshahara, na mwezi Novemba 1958 akasaini kuwa mchezaji wa kulipwa huku akiendelea kufundisha. Msimu huo wa 1958-59 alicheza mechi 24 za ligi, akafunga mabao 12, na United wakamaliza wa pili nyuma ya Wolverhampton Wanderers. Mei 1959 akaitwa timu ya taifa ya England, timu kubwa si ile ya ridhaa, akaifunga Italia bao pale Wembley katika mechi yake ya kwanza. Baada ya soka alirudi darasani, akaishia kuwa mwalimu mkuu.

Sasa jiulize: iliwezekanaje klabu itoe wachezaji wake bila kulipwa hata senti ya uhamisho? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha pia kwa nini leo hawasikiki, kwa hiyo nivumilie niliende kwa urefu.

Chama cha soka cha England kiliruhusu malipo kwa wachezaji mwaka 1885. Kabla ya hapo malipo yalikuwepo, ila ya gizani. Mara baada ya ruhusa hiyo soka la huko likagawanyika njia mbili. Kulikuwa na klabu za kulipwa, zilizoanzisha ligi yao, Football League, mwaka 1888, na kulikuwa na klabu za ridhaa, ambazo mchezaji wake alirudishiwa nauli na gharama ndogondogo, basi. Klabu za kulipwa zikaanza kulihodhi Kombe la FA, na mwaka 1893 likaanzishwa kombe la pembeni kwa ajili ya ridhaa peke yao, Kombe la Ridhaa. Kombe hilo ndilo lililoijenga Bishop Auckland.

Mchezaji wa ridhaa hakuwa na mkataba unaomfunga. Leo yupo hapa, kesho akitaka anaichezea klabu nyingine, na hakuna anayemdai mwenzake. Mfano ulio wazi kuliko hata ule wa Munich ni Seamus O'Connell, mshambuliaji aliyekuwa akifanya biashara ya ng'ombe kule Carlisle. Huyu bwana alikuwa wa Bishop Auckland, na wakati uleule akiichezea Chelsea kama mchezaji wa ridhaa. Mechi yake ya kwanza Chelsea, Oktoba 1954, alifunga mabao matatu dhidi ya Manchester United, na Chelsea wakafungwa 6-5 hivyohivyo! Msimu ulipokwisha Chelsea walikuwa mabingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Hebu mfikirie leo mchezaji wa timu ya mji mdogo, anayeuza mifugo katikati ya wiki, ana medali ya ubingwa wa England.

Chimbuko la Bishop Auckland lenyewe liko kanisani. Kwa karne nyingi mji huo ulikuwa makao ya maaskofu wa Durham, na jumba lao kubwa la zamani lipo hapo hadi leo. Katika miaka ya 1880 wanafunzi wa theolojia waliotoka Oxford na Cambridge walikuja kusomea uchungaji kwa askofu, wakaanzisha timu. Rangi za klabu zimebaki zilezile: buluu iliyokoza ya Oxford na buluu ya maji ya Cambridge. Wakaja kuparaganyika, kama timu za kanisa zinavyoparaganyika, na kundi lililojitenga mwaka 1886 likawa klabu hii tunayoizungumza, ikiitwa kwanza Auckland Town. Mwaka 1889 walikuwa miongoni mwa walioanzisha Northern League, ambayo duniani ni ligi ya pili kwa ukongwe kati ya zile ambazo bado zinachezwa.

Lakini timu haikubaki ya wanafunzi wa theolojia. Bonde lile lilikuwa la makaa ya mawe na reli, na baada ya muda mfupi waliokuwa wakikimbia uwanjani ni wachimba migodi, mafundi na walimu. Walilichukua Kombe la Ridhaa mara ya kwanza mwaka 1896, kisha 1900, 1914, 1921, 1922, 1935 na 1939. Halafu mara tatu mfululizo: 1955, 1956 na 1957. Jumla mara kumi, fainali 18, na hakuna klabu nyingine iliyoifikia rekodi hiyo.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa jambo hili usitazame fainali walizoshinda. Tazama ile ya 1954 waliyoshindwa. Wapinzani wao walikuwa Crook Town, mji mwingine wa migodi, kilomita nane tu kutoka kwao. Watu wa miji miwili inayoonana walipakia mabasi na treni wakasafiri hadi London, na Wembley ikajaa watu karibu 100,000. Mapema kwenye mechi kiungo wa Bishop, Jimmy Nimmins, alivunjika mguu. Enzi hizo hapakuwa na kubadilisha mchezaji, kwa hiyo Bishop wakacheza na watu kumi, wakatoka 2-2 baada ya dakika za nyongeza. Marudio yakafanyika Newcastle, watu zaidi ya 56,000, ikawa 2-2 tena. Mara ya tatu wakapelekwa Middlesbrough, watu zaidi ya 36,000, na Crook wakashinda 1-0. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya watu 190,000 walilipa kiingilio kuwatazama watu wasiolipwa mshahara.

Nimesema wasiolipwa mshahara, na hapo tukubaliane kutabasamu kidogo. Kila mtu pale kaskazini alijua habari ya noti zilizokutwa ndani ya kiatu baada ya mchezaji kutoka kuoga. Mwaka 1928 chama cha soka cha Durham kilifanya uchunguzi na kuwafungia wachezaji zaidi ya 300 wa ridhaa kwa kupokea fedha. Adhabu ilipita, bahasha zikarudi. Sisemi haya kuwachafua. Mchimba mgodi anayekosa zamu ya Jumamosi ili akacheze mpira anapoteza chakula cha watoto wake, na waliozitunga sheria za ridhaa walikuwa waungwana wa kusini ambao Jumamosi kwao ilikuwa siku ya mapumziko. Unafiki ulikuwa ndani ya sheria yenyewe.

Lile pigo la 1954 liliwapandisha mori. Mwaka uliofuata waliifunga Hendon 2-0 Wembley. Mwaka 1956 walitoka 1-1 na Corinthian-Casuals wa London kisha wakawatandika 4-1 kwenye marudio, na mwaka 1957 wakaifunga Wycombe Wanderers 3-1. Hardisty alikuwamo kote. Katika msimu wa 1954-55 walilitikisa hata Kombe la FA lenyewe: waliifunga Crystal Palace 4-2 ugenini, wakatoka 2-2 na Ipswich Town huko Ipswich, wakawaleta nyumbani wakawachapa 3-0. Safari ikaishia raundi ya nne kwa York City. Kwa hiyo Murphy alipowachukua wale watatu mwaka 1958, hakuwa akiokoteza watu wa mchangani. Alikuwa akichota kwenye timu bora ya ridhaa England nzima, na ambayo kwa siku fulani ingeweza kuwasumbua wa kulipwa.

Basi wakaenda wapi?

Jibu unalolisikia mara nyingi ni televisheni. Ni kweli kwa kiasi chake. Ni kweli pia kwamba migodi ya magharibi mwa Durham ilianza kufungwa, na mwaka 1951 mpango wa maendeleo wa jimbo uliviweka vijiji vingi vya migodi kwenye kundi D, maana yake visijengwe tena, viachwe vife polepole. Timu inayoishi kwa viingilio vya wachimba migodi haiwezi kupita salama hapo. Lakini mimi naona hayo yote yangeweza kuvumilika. Kilichoiondoa Bishop kwenye macho ya watu ni kwamba ngazi waliyokuwa wamesimama kileleni mwake iliondolewa.

Mwaka 1974 chama cha soka kilifuta tofauti ya ridhaa na kulipwa. Kuanzia hapo wote wakaitwa wachezaji tu, na Kombe la Ridhaa likachezwa kwa mara ya mwisho mwaka huo. Klabu iliyokuwa mfalme wa dunia yake ikaamka asubuhi na kukuta dunia hiyo imeunganishwa na nyingine, na huko ilikounganishwa mfalme si yeye. Klabu nyingine za aina yake zilisoma alama za nyakati. Wycombe, waliofungwa na Bishop mwaka 1957, walipanda hadi wakaingia Football League mwaka 1993. Northern League yenyewe ilikataa. Ligi nyingine za madaraja ya chini zilipokuwa zikijipanga kuwa piramidi moja yenye kupanda na kushuka, wazee wa Northern League walijiona wakubwa mno kuwa chini ya mtu, wakakaa pembeni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufikia hapo nafasi nzuri zilikuwa zimeshakaliwa. Wakati huohuo, tangu 1987, bingwa wa ligi ya juu ya madaraja ya chini alikuwa akipanda moja kwa moja kwenda Football League badala ya kusubiri apigiwe kura na klabu zilizokuwamo tayari.

Bishop walijing'oa mwaka 1988 wakaenda Northern Premier League baada ya kuwa mabingwa wa Northern League mara 19. Walikaa huko miaka 18, na mwaka 2006 wakashuka, wakarudi walikotoka, ambako kwa mpangilio mpya palikuwa ngazi ya tisa ya soka la England. Timu ya ngazi hizo huanza Kombe la FA mwezi Agosti, kwenye raundi za awali ambazo hakuna kamera, na inabidi ishinde mechi kadhaa kabla hujaliona jina lake gazetini. Ndiyo maana kijiweni kwenu haisikiki.

Kulikuwa na jambo la uwanja pia. Uwanja wao wa zamani, Kingsway, ulikuwa katikati ya mji na waliutumia pamoja na klabu ya kriketi, kwa hiyo upande mmoja haukuweza kujengwa jukwaa. Mstari wa pembeni ulipakana na nyasi za wenzao. Kanuni za viwanja zilipokazwa, Kingsway haikuwa na pa kutanukia. Waliondoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawa wapangaji kwenye viwanja vya majirani hadi mwaka 2010, walipofungua uwanja wao mpya, Heritage Park, pembezoni mwa mji.

Na United walikumbuka. Mwaka 1996, Bishop walipokuwa hatarini kufilisika kwa kesi iliyotokana na mchezaji kuvunjwa mguu, United walikwenda kucheza nao mechi ya kirafiki ya kuchangisha fedha. Taa za Heritage Park nazo zilitoka kwao. Jina la nahodha wao wa zamani utalikuta barabarani: mjini pale kuna mtaa unaoitwa Bob Hardisty Drive.

Sasa Juventus. Mwaka 1909 Sir Thomas Lipton, ndiyo, huyohuyo wa majani ya chai, alitoa kombe la kushindaniwa Turin na klabu za nchi mbalimbali. Kutoka Uingereza ikaenda West Auckland, timu ya wachimba migodi ambayo hata kwenye ligi ya kwao haikuwa ikitamba. Ipo hadithi kwamba mwaliko ulikuwa wa Woolwich Arsenal na herufi W na A ndizo zilizomchanganya karani. Ni tamu kusimulia lakini haina ushahidi, kwa hiyo mwambie mzee wenu aiache. Walifunga timu ya Stuttgart, kisha wakaifunga Winterthur ya Uswisi 2-0 kwenye fainali. Mwaka 1911 walirudi kulitetea, na hapo ndipo walipoifunga Juventus 6-1. Kuliita kombe la dunia ni kuongeza chumvi, kwa kuwa zilikuwa klabu, tena chache. Ila mabao sita ni sita.

Kwa kulitwaa mara mbili mfululizo walipewa walitunze moja kwa moja. Safari ile ya pili iliwaacha na madeni, wakaliweka kombe rehani kwa pauni 40 kwa mama aliyekuwa na hoteli ya kijijini kwao. Lilikaa kwake na kwa familia yake karibu miaka 50, hadi mwaka 1960 wanakijiji walipochanga pauni 100 wakalikomboa. Waliliweka kwenye kilabu cha wafanyakazi pale kijijini, na Januari 1994 wezi wakavunja wakaondoka nalo. Halijapatikana. Linaloonyeshwa siku hizi ni nakala.